Kotesheni ya 188,152: shajara ya Fielder yangu

Jumanne usiku, km 142,310

Naanza kuandika leo kwa sababu nimekasirika, na mimi nikikasirika bila kuandika baada ya wiki nasahau nlikua nimekasirikia nini. Gari ni Toyota Fielder ya 2009, modeli NZE141, injini 1NZ ya siisi 1,496, ilishuka bandarini hapa Mombasa 2016 kabla haijafika ile miaka 8 ambayo sheria inakataa, na tangu hapo haijanisumbua sana. Mwezi huu ikaanza mambo manne kwa pamoja kama watoto waliokubaliana: taa ya injini imewaka haizimi, mbele kushoto ikiingia shimo inagonga kong kong, breki asubuhi zinalia kiii, na AC inatoa upepo kama mtu anakupumulia. Sasa AC ya hivyo, mwezi wa tatu, uko kwenye foleni ya feri Likoni saa nane mchana, wallahi shati unakamua.

Nkasema mara hii nafanya mambo ya kistaarabu, nkaipeleka kwa dila, wakala rasmi wa gari. Sofa zipo, kahawa ipo, AC yao inafanya kazi vizuri sana. Baada ya masaa matatu kijana kaja na karatasi ya bei, kotesheni, "bosi, hii ndio hali." Sensa ya eafulo mpya, ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini, 23,800. Stebilaiza linki mbili, vile vyuma vifupi vinavyoshika fimbo ya stebilaiza na miguu ya mbele, 11,600. Loa amu mbili, mikono ya chini inayoshika magurudumu ya mbele, 34,000. Shoki za mbele 29,400. Brekipedi 9,800, diski zake 22,600. Sevisi ya AC na filta 8,500. Leba 18,000. Uchunguzi 4,500, na huo unaulipa hata ukikataa kila kitu. Jumla 162,200, weka VAT asilimia 16, inafika 188,152.

Nkamuuliza sensa imejulikanaje kua imekufa. "Bosi, kompyuta imesema." Na shoki? "Zimezeeka, na ukibadilisha linki peke yake bado itagonga." Sikua na la kujibu kwa sababu sikua najua chochote, hilo ndilo lililonichoma zaidi. Nkalipa uchunguzi 5,220 pamoja na kodi, nkaomba wanipe kopi yenye kila kitu na bei yake mbalimbali, maana ile ya kwanza alonionyesha ilikua imeandikwa "matengenezo ya mbele" halafu namba moja kubwa. Alitaka kusumbua kidogo kisha akatoa. Kama kuna kitu kimoja nlifanya sawa siku hiyo basi ni hicho.

Mamake watoto kaisoma ile karatasi kaniambia, "hii ni gari au ni mahari?"

Jumatano, km 142,318

Jirani yangu ni mzee alofanya karakana ya bandarini miaka mingi, sisi wote mtaani tunamwita ami. Nkampitia baada ya isha, shikamoo ami, marahaba mwanangu, nkampa karatasi. Kavaa miwani, kaisoma kama anasoma barua ya mahakama, halafu kasema, "Karatasi hii yasema badilisha, badilisha, badilisha. Mbona haisemi kimevunjika nini?"

Basi hapo ndipo mradi ulipozaliwa. Nimeibandika kotesheni ukutani karibu na friji na penseli. Kila mstari ntautafutia ushahidi mwenyewe kabla ya kutoa shilingi, halafu naandika pembeni KWELI, UONGO au BADO. Sibishani na bei kwanza. Bei unaweza kushushiwa asilimia kumi ukafurahi na bado ukanunua shoki ambazo hukuzihitaji.

Ijumaa na Jumamosi, km 142,351

Nimenunua kile kidude cha kusoma makosa, ELM327 ya blutuu, 1,200 kwenye maduka ya simu Digo Road. Unakichomeka chini ya steringi, unaweka apu ya Torque kwenye simu, bas. Ikatoa P0171. Nkaitafuta maana yake: mchanganyiko mwembamba, hewa imezidi mafuta. Nkacheka peke yangu ndani ya gari, kwa sababu kompyuta haikusema sensa imekufa hata kidogo, kompyuta imesema hewa imezidi, sensa ni kijana ndio alisema.

Sasa hii sehemu naiandika pole pole kwa sababu ilinichukua usiku mzima kuielewa. Gari ina sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, bomba la moshi. Kompyuta ikiona hewa imezidi inaongeza petroli kidogo kufidia, na ile asilimia iloongeza unaweza kuisoma kwenye simu, inaitwa fueli trimu. Ikicheza ndani ya 10 huku au huku hakuna neno. Yangu injini ikinguruma tu imesimama ilikua +21, nikikanyaga mpaka mizunguko 2,500 inashuka +6. Huo mshuko ndio maneno yote. Kama sensa ya eafulo ndio inadanganya, ukikanyaga namba ingebaki juu au ingepanda zaidi, maana hewa inayopita ni nyingi na uongo unakua nao. Lakini kama kuna tundu mahali inavuta hewa ya wizi, basi injini ikiwa imetulia lile tundu ni fungu kubwa la hewa yote, ukikanyaga linakua dogo halionekani.

Kwa hivyo jibu nlikua nalo mkononi saa sita usiku. Na bado Jumamosi asubuhi nkaenda kununua dawa ya kusafisha sensa ya eafulo 1,100, kwa sababu mtu akiandikiwa kitu kwenye karatasi yenye nembo kinamkaa kichwani. Skrubu mbili, unaitoa, unapuliza bila kugusa ule waya, unangoja ikauke kabisa. Nkarudisha. +21. Haya.

Jumapili, km 142,360

Ami kaja na kanzu yake ya nyumbani na koleo. Hakushika kile kidude changu cha blutuu hata mara moja. Kaniambia washa, kisha kaanza kubana mipira midogo inayoingia kwenye manifoldi, ile njia ya hewa ya kuingia injini, mmoja mmoja, pole pole, anasikiliza. Wa kwanza kimya, wa pili kimya, alipobana ule unaotoka kwenye kifuniko cha injini, ule wa PCV unaorudisha mvuke wa injini, injini ikabadilika sauti papo hapo ikatulia. Tukautoa. Chini ya klipu, pale macho hayafiki, umepasuka kama mdomo wa samaki, mpira wenyewe umekua mgumu kama kaa. Joto la injini, joto la hapa, miaka yote hii.

Mpira mpya wa kukata kwa kipimo, shilingi 350. Nkafuta lile kosa, nkazunguka mpaka Nyali na kurudi, trimu +3. Taa haijarudi.

Mstari wa kwanza: UONGO. 23,800 kwa 350. Nkataka kumpigia yule kijana wa dila, ami kanizuia, "waacha, bado mistari saba, usije ukaaibika mbele."

Alhamisi, km 142,498

Kelele. Hii nlifundishwa kipimo kizuri ambacho hakihitaji jeki: gari iko chini kwa matairi yake, mtu mmoja anaitikisa kwa kusukuma juu chini kwenye boneti, wewe unaingiza mkono unashika linki kwa vidole. Ikiwa imelegea unaisikia ikigonga mkononi kama mapigo ya moyo. Ya kushoto ilikua inapiga ngoma, ya kulia inaanza. Mstari wa linki: KWELI.

Shoki nkazimulika kwa tochi, kavu, vumbi tupu hakuna tone la mafuta. Ukilala kwenye boneti ukaachia inarudi mara moja inasimama. UONGO, au tuseme si leo. Loa amu ami aliingiza chuma kirefu akatingisha bushi, ile mipira ya maungio yake, zina nyufa za juu juu lakini hazichezi, na boljointi, kiungo chake cha kwenye gurudumu, iko imara. BADO. Na hata zikifa, bushi peke yake zinapigwa kwa presi kwa mafundi wa jua kali, si lazima ununue amu nzima.

Jumamosi, km 142,520

Siku mbaya. Nlinunua linki kwa rafiki wa rafiki, duka la Jomo Kenyatta Avenue, 1,400 zote mbili, pakiti nzuri yenye hologramu na kila kitu. Pia nimenunua stendi mbili za kuwekea gari 3,500, hizo sikubania pesa, chini ya gari inayoshikiliwa na jeki peke yake mimi siingii hata unipe kiwanja Diani.

Unainua magurudumu yote mawili ya mbele, si moja, la sivyo ile stebilaiza inakua imejikaza na bolti inakupiga. Nati ni 17. Ya juu ilitoka. Ya chini... tunakaa mita mia nne kutoka baharini, ya chini ilikua si nati tena ilikua kutu yenye umbo la nati. Nkapulizia WD-40, nkangoja, nkapulizia tena. Ukizungusha nati na bolti nayo yazunguka. Unatakiwa ushikilie katikati kwa alenki, ile spana ya pembe sita, nkashikilia, kale katundu kakaisha meno. Saa saba mchana jua la utosi, niko chini ya gari natukana kimya kimya kwa sababu watoto wako karibu. Mwisho nkamwita kijana wa grainda, dakika nne, 300, cheche zikaruka, imekwisha.

Kelele imeisha! Nimezunguka mpaka Bombolulu nikitafuta mashimo kwa makusudi.

Jumapili, km 142,534

Breki. Kwa breki nlikua na hakika wamenidanganya, maana mlio wenyewe ni wa asubuhi tu ukitembea kidogo unaisha. Nkavua tairi na kile kicheko cha mtu aliyeshinda mistari miwili. Pedi ya nje imebaki kama milimita nne. Ya ndani, ambayo huioni bila kuvua kalipa, kile chuma kinachobana pedi, imebaki moja na nusu, kile kichuma cha kuonya kimeshaanza kukwaruza diski. KWELI tupu, na nlikua natembea nayo na watoto ndani. Cheko likanyamaza.

Kwa nini ya ndani imeisha na ya nje haijaisha? Zile pini za kalipa zimekauka, moja imeshika kabisa, kwa hivyo upande mmoja unafanya kazi yote. Hili halikuandikwa mahali popote kwenye kotesheni, wangeweka pedi mpya za 9,800 na diski mpya juu yake, na ndani zingeliwa vile vile. Nkazitoa, msasa mdogo, grisi ya breki 250. Pedi 3,200 za duka ambalo ami analijua toka zamani. Diski zina kipimo cha chini kimechapishwa kwenye chuma chenyewe, nkapima kwa venia, kile kipimo cha unene, bado nina milimita moja na ushee juu yake. Diski UONGO.

Mambo mawili ya aibu niandike nisiyarudie. Moja, ukisukuma pistoni ya kalipa kurudi ndani mafuta ya breki yanapanda kule juu kwenye chupa yanamwagika, na yanakula rangi ya gari, sasa nina alama pale kando ya betri. Pili, ukimaliza unatakiwa ukanyage pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu KABLA ya kuondoa gari. Mimi nkawasha nkarudi nyuma nkakanyaga, mguu ukaenda mpaka chini kwenye kapeti, nyuma kuna meza ya mama anauza mahamri. Hendibreki ilinisaidia. Mama yule kaniangalia kisha kasema tu, "mwanangu, hebu niondolee gari hiyo hapa." Nimenunua mahamri ya mia mbili kwa heshima.

Jumatano, km 142,640

AC haina hadithi ndefu. Filta ya kebini iko nyuma ya lile boksi la dashibodi, huhitaji spana hata moja, na ndani kulikua na msitu, maana mimi naegesha chini ya mwarobaini. Majani, vumbi, mdudu mmoja mkavu. Filta mpya 600. Nkaosha kondensa, ile rejeta ya AC kule mbele, kwa maji ya mpira bila presha kubwa. Upepo umerudi lakini baridi bado nusu, nkaenda kwa fundi wa AC mwenye geji zake. Nlimwambia sitaki aniongezee gesi tu, maana gesi haiishi kama petroli, ikipungua ina mahali inapitia. Kakuta unyevu wa mafuta kwenye kiungio kimoja, kabadilisha oringi, kile kipete cha mpira, kajaza, 2,500. Sasa mamake watoto ndio anaomba tupunguze.

Wiki tatu baadae, km 143,377

Kong. Kong kong.

Zile linki za hologramu zimekufa. Kilomita mia nane na ushee! Nkarudi dukani, yule rafiki wa rafiki hayupo, aliyepo ananiambia hajawahi kuniona.

Siku hiyo hiyo, kama vile walikua wananichungulia, dada wa dila akapiga simu. "Habari za mchana, naulizia kuhusu ile kotesheni ya gari yako, uko tayari tukupangie siku?" Nkamwambia nakuja Jumanne. Akafurahi. Nkamwambia nakuja kaunta ya spea, si gereji.

Jumanne, km 143,402

Kaunta ya spea ni dunia nyingine kabisa, iko kando, haina sofa. Mzee mmoja mwenye kalamu sikioni kaniuliza namba ya chesisi, kaiandika, ikaja picha ya miguu yote ya mbele imetawanywa kila kipande na namba yake. "Wataka hizi mbili tu?" Hizi mbili tu mzee wangu. 5,800 moja, 11,600, na VAT 13,456. Bei ile ile ya kwenye karatasi, na nkailipa bila kunung'unika, maana sasa najua nalipia nini. Hapo ndipo ilipoingia akilini: spea zao hazikua ghali kupita kiasi, orodha ndio ilikua ghali. Ukibadilisha kila kitu cha mbele kelele lazima iishe, na mteja hatarudi kulalamika, hiyo ndio hesabu yao na kwa upande wao inaeleweka. Ila anayelipa gharama ya wao kutohangaika kutafuta ni mimi.

Jioni nkafunga na ami. Nati ni mpya, hakuna kutu, saa moja kazi imekwisha, adhana ya maghrib inaadhiniwa tunakusanya vyombo gizani. Soketi ya 17 ya ami haionekani. Tumemulika kila mahali. Ami hakusema kitu, kitu ambacho ni kibaya kuliko angesema, ile soketi anayo toka enzi za karakana.

Jumatano asubuhi, km 143,409

Hesabu mpaka hapa, kabla sijasahau. Kidude cha blutuu 1,200, dawa ya sensa 1,100 (nlijitakia), mpira 350, linki feki 1,400, grainda 300, stendi 3,500, pedi 3,200, grisi 250, filta 600, fundi wa AC 2,500, linki jenuini 13,456. Hiyo ni 27,856. Weka ule uchunguzi wao 5,220 inafika 33,076. Wikendi zangu na ngozi ya vidole sijahesabu, na loa amu bado imeandikwa BADO ukutani.

Nkatoka kwenda kazini. Tuta la kwanza, kimya. Tuta la pili, king.

Si kong, king. Nyembamba, ya chuma. Nkasimama pembeni na moyo umenianguka, nafikiria zile loa amu za 34,000, nafikiria yule kijana na kahawa yake, nafikiria ntamwambia nini mamake watoto ambaye jana nlimpigia hotuba nzima jikoni. Nkaendelea. King. Kila tuta, king, upande wa kushoto.

Kazini sikufanya kitu cha maana. Saa kumi na moja nkaipandisha kwenye stendi hata shati la kazi sijavua, nkaingia chini na tochi. Nkashika linki, imara. Nkashika loa amu, imara. Halafu tochi ikapiga kitu kinang'aa juu ya krosmemba, ule mhimili wa chuma wa chini, kimekaa pale kama ndege kwenye waya.

Soketi ya 17.

Nimeifuta grisi vizuri kwa kitambaa. Baada ya isha naipeleka kwa ami.